Chuti inatoboka kila wiki ya tatu: ninunue chuma kigumu zaidi?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni msimamizi wa machimbo ya kokoto upande wa Lugoba, mkoa wa Pwani. Chuti ya chini ya krasha, ile inayopokea mawe kutoka kwenye taya zinazoyavunja na kuyamwaga kwenye mkanda wa kuyasafirisha, inatoboka kila wiki ya tatu. Zamani tulikuwa tunabandika viraka vya bamba la kawaida la milimita 6. Mwezi wa tatu bosi akakubali tununue bamba gumu lililoandikwa 500, milimita 10. Sehemu ya chini limekaa vizuri mpaka leo. Pale juu likapasuka kwenye mshono, kipande kikang'oka na kuchana mkanda. Jiwe letu ni gumu, lina mistari myeupe na myeusi. Je, tupande hadi 600? Halafu fundi wetu hujaza taya za krasha kwa kuchomelea, na moja imekatika katikati. Tunakosea wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa mkanda. Najua bei yake.

Jibu la swali lako umelibeba ndani ya swali lenyewe. Bamba ni lilelile, jiwe ni lilelile, miezi ni ileile, ila chini limedumu na juu limekufa. Ugumu ungekuwa ndio tatizo, lingelika kote sawasawa. Una magonjwa mawili kwenye chuti moja, na umeyapa dawa moja. Kwa hiyo usinunue 600 kwanza. Siku ya kusimamisha mashine, ingia na tochi uangalie makovu. Pale juu nadhani utakuta vishimovishimo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Chini utakuta michirizi mirefu inayofuata njia ya mawe. Vishimo ni kazi ya kupigwa. Michirizi ni kazi ya kukwaruzwa.

Tuanze na jiwe, kwa sababu watu wengi hununua chuma bila kumjua adui. Jiwe gumu lenye mistari myeupe na myeusi kama ulivyolieleza ni naisi, na kwenye ile mistari myeupe kuna kwazi, madini yaleyale yanayofanya mchanga wa mto. Chukua kipande ukikwaruze kwenye chupa: kitaacha alama. Kwenye kipimo cha Mohs, kile cha 1 hadi 10 kinachoonyesha nani anamkwaruza nani, kwazi iko kwenye 7. Mawe ya chokaa ya pwani, kama yanayochimbwa Wazo au Bamburi kwa ajili ya saruji, yako kwenye 3 hivi na chupa hayaikwaruzi. Ndiyo maana mtu aliyefanya kazi kwenye chokaa anaweza kukuapia kwamba bamba la kawaida linatosha. Kwake linatosha.

Sasa tuweke namba. Kwa kukadiria, chuma cha kawaida cha viraka vyenu kina ugumu wa 130 hivi. Bamba lako lina 500, na hiyo namba iliyoandikwa juu yake ndiyo ugumu wenyewe kwa kipimo cha Brinell. Kwazi, ukiiweka kwenye kipimo kinacholingana na hicho, inazidi 1000. Unaona? Kutoka 130 hadi 500 umepata nafuu kubwa, na chini ya chuti umeiona. Kutoka 500 hadi 600 bado uko mbali sana chini ya jiwe. Litakwaruzwa tu, polepole kidogo. Chuma kinaanza kumsumbua kwazi kweli kinapokaribia au kupita ugumu wake, na hapo hatuzungumzii tena mabamba ya kupozwa kwa maji; tunazungumzia mabamba yaliyofunikwa tabaka lenye kabidi za kromiamu, yaani chembe ngumu za kromiamu na kaboni, ambazo zenyewe hufika 1500. Hizo zipo, zinauzwa, na kwa michirizi ni dawa nzuri. Kwa vishimo ni balaa, maana kinachopatikana kwa ugumu mara nyingi hulipwa kwa wepesi wa kupasuka.

Hilo nililijifunza kwa aibu. Kwenye kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, tuliweka vigae vya kauri ya alumina kwenye chuti mpya. Alumina iko kwenye 9 ya Mohs, kwazi haiigusi. Tulijisifu sana. Hatukuangalia kwamba mawe yalikuwa yanaangukia moja kwa moja juu ya vigae kutoka juu. Wiki haikuisha, vigae vikaanza kutoka kwenye mkanda vikiwa vipande, kama vyungu vya sokoni lori likipita. Mita moja chini yake, mahali mawe yalipokuwa yanateleza tu, vigae vya sanduku lilelile vilikaa miaka.

Hiyo ndiyo siri ya pembe. Chuma chenye ulaini hukatwa zaidi jiwe linapokuja kwa mshazari, kati ya nyuzi 15 na 30, kwa sababu linakuwa kama patasi. Kitu kigumu kinachovunjika upesi huumia zaidi likija wima, nyuzi 90. Mpira una tabia yake: ukipigwa wima unabonyea na kurudi, hauliki, ukipigwa kwa mshazari wa nyuzi 30 au 40 unachanwa. Kwa hiyo swali la bitana gani, yaani kinga gani ya kuvika chuti kwa ndani, lina mdogo wake anayepaswa kutangulia, yaani jiwe linafika kwa pembe gani na kwa kasi gani.

Hukuniambia mawe yanaanguka kutoka urefu gani. Pima kwa utepe, kutoka mdomo wa taya hadi pale panapotoboka. Kama ni mita mbili na nusu, jiwe linafika likiwa na mwendo wa mita 7 kwa sekunde, sawa na kilomita 25 kwa saa. Ni mwendo wa bodaboda inayopita mtaani kwa adabu, ila hii imebeba jiwe na inagonga mahali palepale kutwa nzima. Ukiweza kupunguza anguko liwe nusu, nguvu ya pigo nayo inabaki nusu, na hujanunua bamba lolote.

Njia ya kulipunguza ni kuyaacha mawe yapige mawe. Kwenye karakana tuliyokulia sisi, njia hiyo tuliiita baraza. Badala ya kuweka bamba la mteremko pale yanapoangukia, unachomelea rafu ya kulala, imara, yenye ukingo mbele. Mawe ya kwanza yanakaa juu yake na kubaki hapo, kama wazee jioni, na yote yanayofuata yanawapiga wenzao. Chuma hakiguswi ila kwenye ukingo. Bitana ya namna hiyo hujirudishia yenyewe kila dakika, na haina bei.

Vipimo vyake havitaki shahada. Kokoto iliyovunjwa hulala kwa mteremko wa nyuzi 38 hivi, kwa hiyo rafu yenye upana wa sentimita 40 itabeba rundo la sentimita 30 kwa kimo ukutani. Pima uone kama hilo linatosha kuficha sehemu yote inayotoboka kwenye chuti yenu. Hakikisha tu njia inayobaki mbele ya baraza ni pana angalau mara tatu ya jiwe lenu kubwa kuliko yote, la sivyo mawe mawili yatashikana mabega na kuziba. Na kuna hali moja inayonitia wasiwasi: masika. Jiwe likija na udongo wa mfinyanzi, baraza hushika tope, tope linajenga, na asubuhi unakuta chuti imeziba kabisa. Kama mnachimba juu juu ambako udongo haujaondolewa vizuri, weka mlango wa kukagulia pembeni wenye ukubwa wa kupitisha mkono na nondo, na wakati wa mvua osha kila mwisho wa zamu. Kwenye tope la kweli, baraza halifai, na hapo ningekushauri njia nyingine kabisa.

Ukingo wa baraza ndio utakaolika, basi uufanye wa kubadilishwa. Visu vya greda vilivyokwisha kazi barabarani vinafaa sana hapa, ni chuma kigumu chenye uvumilivu wa kupigwa. Kipande cha reli ya zamani nacho kinafaa. Nasema reli uliyoinunua kwa risiti, na narudia, kwa risiti, maana najua baadhi ya reli zinazozunguka kwenye chuma chakavu zimetoka wapi.

Wengine watakuambia pale juu uweke mpira, na hawajakosea. Mpira wa tairi la lori la mgodini, au mkanda wa zamani uliokunjwa mara mbili tatu, unapokea pigo vizuri kama jiwe linakuja wima. Uwe mnene; mpira mwembamba kama soli ya kandambili jiwe la sentimita kumi litaukata mpaka kwenye chuma. Lakini ukishaweka mpira kwenye chuti, hakuna tena fundi kuchomelea kitu kwa nje bila kuutoa au kuumwagia maji na kuweka mtu wa kulinda na ndoo. Mpira ulioshika moto ndani ya chuti hauonekani mpaka mkanda nao umeshika. Mimi kwa hali yako ningeanza na baraza.

Chini, kwenye michirizi, endelea na hilohilo bamba la 500. Limefanya kazi yake. Ila badilisha namna ya kuliweka. Usiweke bamba zima la mita moja kwa mita moja. La milimita 10 lina uzito wa kilo 78, watu wanaumia vidole na hawaliweki sawa. Kata vipande vya sentimita 30 kwa 30. Kila kimoja kina kilo 7, mtu mmoja anakibeba, na kikilika kimoja unabadilisha kimoja. Vipange kama tofali za ukuta, mishono isifuatane kuelekea njia ya mawe, kwa sababu unga wa mawe ukipata ufa ulionyooka unauchimba kama mto unavyochimba korongo. Ukipenda bolti, tumia zile za kichwa cha koni kinachozama ndani ya bamba. Kitu kikubwa kuliko vyote, kipande kikae mgongo wake wote kwenye chuma cha nyuma. Bamba gumu lenye uwazi nyuma yake linapigwa kama debe, na debe hupasuka.

Hilo linanileta kwenye mshono wako uliopasuka. Sikuuona, lakini ningeuliza maswali matatu. Vijiti vya kuchomelea vilikuwa aina gani? Vilihifadhiwa wapi? Na kipande kilipasuka saa ngapi? Bamba la 500 limepata ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla, na adui yake mkubwa ni haidrojeni inayotoka kwenye unyevu. Unyevu wa kijiti unaingia kwenye mshono, mshono unapoa, unaonekana mzuri, fundi anaondoka. Ufa huja baadaye, pengine usiku, pengine kesho kutwa. Kama mlilala na mshono mzima mkaamka na mshono uliopasuka kabla hata ya jiwe kupita, usimlaumu jiwe. Tumia vijiti vya 7018, vile vya haidrojeni kidogo, na visikae kwenye boksi lililofunguliwa kwenye banda. Hewa ya Pwani inavilowesha. Vikaushwe kwenye tanuri kwa nyuzi joto 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili, kisha vitolewe vichache vichache. Vijiti vya chuma cha pua aina ya 307 au 309 ni ghali, ila vinasamehe makosa mengi, na kwa mishono michache ya mahali pabaya ningevinunua. Asubuhi yenye umande, pitisha moto kidogo bamba likauke. Usizidishe nyuzi 200, kwa maana ukilipika umelirudisha kuwa chuma cha kawaida ulichokilipia bei ya 500.

Na ile klampu ya ardhi ya mashine ya kuchomelea ishikwe karibu na mshono, kwenye chuti yenyewe. Nimeona fundi akiifunga kwenye fremu ng'ambo ya pili, umeme ukapita kwenye beringi za krasha, na baada ya wiki mbili beringi zikaanza kulia. Hakuna aliyeunganisha matukio hayo mawili mpaka zilipofunguliwa.

Taya sasa. Huo ni ulimwengu mwingine, usichanganye mafundisho ya bamba na ya taya. Taya za krasha kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma cha manganizi, alichokigundua Robert Hadfield kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1882. Kina manganizi asilimia 11 hadi 14, na tabia yake inashangaza: kikiwa kipya ni laini, ugumu wa 200 hivi tu, lakini kinavyopigwa ngozi yake ya juu inazidi kuwa ngumu mpaka hukaribia 500, huku ndani kikibaki na ulaini wa kuvumilia. Ndiyo sababu chuma hicho kwenye chuti ya michirizi hakina faida. Hakuna pigo la kukifanya kigumu. Na ukitaka kujua kama taya ulizouziwa ni manganizi kweli, chukua sumaku. Manganizi haivutwi. Sumaku ikinata kwa nguvu, umeuziwa kitu kingine.

Udhaifu wake ni joto. Vyuma vingi vinene au vigumu ukivichomelea unavipasha kwanza. Manganizi ukiipasha na kuiacha ikae kwenye joto, kabidi zinajipanga kwenye mipaka ya chembechembe zake na inakuwa kavu kama biskuti. Fundi wako, nadhani, alijaza taya kwa mishono mirefu mfululizo, kwa bidii, mpaka ikawa nyekundu, na akajiona amefanya kazi. Kujaza kunaruhusiwa, ila kwa mishono mifupi, kuhamahama, na chuma kisizidi nyuzi 260. Ukiweka kiganja sentimita kumi na tano kutoka kwenye mshono na ukashindwa kukiacha hapo, simama, unywe chai. Angalia pia kabari zinazoshika taya; taya iliyolegea hukatika hata kama hakuna aliyeichomelea.

Kabla ya kujaza kuna mambo mawili ya bure. Taya nyingi zinageuzika juu chini. Sehemu ya chini hulika upesi, kwa hiyo geuza kabla haijalika kupita kiasi, usingoje mpaka meno yaishe. La pili, usiruhusu udongo na vijiwe vidogo kupita kwenye taya. Weka chujio la mabomba mazito au reli (umeshajua: risiti) kabla ya mdomo wa krasha, vidogo vipite pembeni. Kitu ambacho tayari ni kidogo kuliko tundu la kutokea hakina sababu ya kupita hapo, kinalisha tu msasa kwenye taya zako.

Mkanda umeshachanika, kwa hiyo utaweka mpya au utaunga. Kwa vyovyote, angalia mpira wa pembeni unaozuia kokoto kumwagika. Ukikuta ni vipande vya mkanda wa zamani, vitoe leo. Kila machimbo niliyotembelea wanafanya hivyo kwa kubana matumizi, na kila mahali wanalipa. Mkanda wa zamani una nyuzi ndani na vijiwe vilivyojichimbia. Unausugua mkanda mpya kwa msasa mchana kutwa. Mkanda wa zamani ufanye kazi juu kama bitana, si chini kama ukingo. Halafu tazama uwazi kati ya bamba la pembeni na mkanda. Unatakiwa upanuke kidogokidogo kuelekea mkanda unakokwenda, ili jiwe likinasa lisukumwe litoke. Mwingi niliouona umefungwa kinyume, mwembamba mbele, na jiwe likinasa linakuwa kisu.

Kabla ya haya yote, kata umeme, funga swichi kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayeingia ndani ya chuti. Usikae kwa mlinzi. Fundi anayejaza au kukata vyuma vya manganizi na kromu asifanye kwenye banda lililofungwa. Moshi huo si wa kuuvuta, na vumbi la jiwe lenu vilevile.

Mwisho, anza kupima. Kipimo cha unene cha sauti kikikushinda bei, toboa kwa nyuma ya bamba tundu lisilotokea, lifike nusu ya unene. Siku vumbi litakapotoka kwenye tundu hilo, nusu imeisha. Andika tarehe na tani mlizopitisha. Tuseme milimita 5 zimeondoka kwa tani 10,000: unajua sasa kila milimita ni tani 2,000, na unaagiza bamba kabla ya tundu, si baada yake. Pia bosi ataelewa tani kwa milimita upesi kuliko atakavyoelewa "chuma kimelika".

Baraza likishakaa mwezi, nitumie urefu wa anguko, hizo tani, na picha ya makovu mapya. Kama michirizi imehamia ukuta mmoja zaidi ya mwingine, basi krasha yenu inalishwa upande, na safari hiyo hatutaanza na fundi wa kuchomelea. Tutaanza na kijana anayeendesha kijiko.